Injini inachemsha na friji nayo inajizima: maji ya bahari hayapandi

TangaKuukuu:

Wakuu, salaam.

Nina chombo cha tanga cha futi 36, injini ya dizeli ya silinda tatu. Injini inapozwa kwa kulanti (maji yenye dawa yanayozunguka ndani ya injini), na kulanti yenyewe inapozwa kwa maji ya chumvi kwenye kipoza-joto, halafu maji hayo yanatokea kwenye ekzosi. Mfumo wa kawaida tu.

Nikiwasha nikiwa kwenye nanga, bila gia, hakuna neno. Maji yanatoka nyuma kwa mikupuo, geji inakaa 80 na kidogo. Nikitia gia nikapandisha mpaka mizunguko 2200, nakwenda vizuri robo saa hivi, halafu mikupuo inaanza kupungua, inabaki mate mate. Moshi mweupe unazidi. Nadhani ni mvuke, maana haunuki dizeli na unapotea upesi. Mlio wa ekzosi nao unabadilika, unakuwa mkavu, kama mtu anakohoa ndani ya pipa. Geji inapanda pole pole, ikigusa 95 king'ora kinalia, nazima.

Kinachonichanganya ni hiki: nikizima nikaenda na tanga kwa muda, nikiwasha tena maji yanarudi kama hakukuwa na kitu. Kisha mchezo unaanza upya.

Kuna na friji. Nayo inapozwa kwa maji ya bahari, ina pampu yake ndogo ya umeme, inachota kwenye koki ile ile ya injini (valvu ya tundu la chini ya chombo) kupitia kiungo cha T. Siku hizi inajizima yenyewe. Pampu naisikia inazunguka, lakini kwenye tundu la kutolea ubavuni ni matone tu, au hakuna kabisa.

Chujio nimefungua, kikapu kisafi, nyasi mbili tatu. Impela (gurudumu la mapezi ya mpira ndani ya pampu ya injini) imebadilishwa na fundi, hali ni ile ile. Kulanti imejaa. Sasa fundi anataka kufungua kipoza-joto chote. Kabla sijamruhusu nauliza hapa: nianzie wapi? Chombo kiko majini na kukipandisha nchi kavu kwa sasa si rahisi.

---

Upepo Mwanana:

Mkuu hiyo termostati. Ing'oe, tembea bila hiyo, utaniambia.

---

Fundi wa Ngama:

Termostati iacheni, jamani. Kwenye injini ya namna hii termostati inaongoza kulanti, haina habari na maji ya chumvi. Ingekuwa imekwama, geji ingepanda huku ekzosi inatema maji vizuri tu. Huyu ndugu maji yenyewe hayatoki. Hayo mambo mawili ukiyatenganisha, nusu ya ubishi wa injini kuchemsha unakwisha.

Ndugu TangaKuukuu, umeandika jibu lako mwenyewe kwenye aya ya friji. Una pampu mbili zisizojuana. Moja ya mapezi ya mpira inazungushwa na injini, nyingine ya umeme. Zote mbili zinakosa maji kipindi kimoja. Pampu mbili kuharibika pamoja ni jambo la nadra sana, kwa hiyo tafuta mahali zinapochangia: tundu lililo chini ya chombo, koki yake, na mpira mpaka kwenye T. Hukusema T iko kabla au baada ya chujio. Kama iko baada, chujio nalo limo. Kipoza-joto hakimo, maana friji haipitii huko. Mwambie fundi wako aweke spana chini kwanza.

Sasa hiyo tabia ya kupona ukizima. Viganda vya baharini vikishaota ndani ya tundu vinabana saa zote, na ukiongeza mizunguko ndipo unapoona upungufu. Havipumziki. Kitu kinachobana na kuachia ni kitu laini: mfuko wa plastiki, jani pana la mwani, yavuyavu. Pampu inakivuta kinaziba mdomo wa tundu, pampu ikisimama kinalegea. Kinaweza kubaki kimenasa hapo hapo kikingoja uwashe. Mwingine mwenye tabia hiyo ni mpira uliobanduka ngozi ya ndani. Nje unauona mzima, ndani ile ngozi inajikunja na kufunga njia mvuto ukizidi. Kwa hiyo washukiwa wako ni hao wawili, na viganda nawaweka wa tatu kwa sababu ni nadra kukuta tundu lisilo navyo.

Fanya majaribio mawili. Yote unaweza kuyafanya chombo kikielea.

La kwanza ni la ndoo. Funga koki. Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu ya injini, unganisha kipande kirefu kidogo, kitumbukize kwenye ndoo ya maji ya bahari. Mtu wa pili awe anamimina bila kuacha, kwa sababu ndoo inaisha upesi kuliko unavyodhani na impela ikizunguka kavu kwa dakika moja tu inaweza kuungua. Funga chombo gatini kwa kamba nzuri, washa, tia gia, pandisha mpaka pale inapokusumbua. Maji yakitoka nyuma kwa nguvu na geji ikatulia, basi kuanzia pampu kwenda mbele kila kitu ni kizima. Yakizidi kupungua hata kwenye ndoo, nitakuomba radhi na fundi wako afungue.

La pili ni la koki. Chomoa mpira pale unapoingia kwenye chujio, ushushe chini ya usawa wa maji ya nje, uelekeze kwenye ndoo, kisha fungua koki. Tundu la inchi 1 lililo sentimita 30 chini ya maji linapaswa kujaza ndoo ya lita 10 kabla ya nusu dakika. Lakini usiridhike na mkupuo wa kwanza! Watu wengi wanafungua, wanaona maji yamefoka, wanafunga, wanasema "koki nzima". Acha ndoo ijae, na ukiweza nyingine tena, utazame kama yanapungua katikati. Kitu laini kinahitaji muda kidogo kuvutwa kikakaa mahali pake. Ukifanya hivi uwe na kizibo cha mbao chenye ncha mkononi, si kabatini. Koki kuukuu inaweza kukataa kufunga tena.

---

BintiMkuku:

Naunga mkono fundi hapo juu, naongeza machache.

Kabla ya kuchomoa chochote, kaa na chujio lako injini ikiwa inafanya kazi, kama kifuniko ni cha kioo au plastiki angavu. Tazama viputo. Ukiona mlolongo wa viputo vidogo hauishi, hewa inaingia mahali. Kwa kawaida ni ule mpira wa duara wa kifuniko. Unakauka, unabapa, au punje moja ya mchanga imekaa chini yake. Wenye chujio chini ya usawa wa maji wana bahati, kwao injini ikizimwa panadondoka na wanaona. Chujio likiwa juu ya usawa wa maji halidondoki kamwe, linavuta hewa kimya kimya. Safisha mfereji wake kwa kitambaa, upake mpira grisi ya silikoni, kaza kwa mkono. Kukaza kwa spana kunapinda kifuniko na unarudi ulikotoka.

Pia angalia koki kwa jicho lako, si kwa mpini wake. Kwenye koki za tufe, kijiti kinachounganisha mpini na tufe kinaweza kuliwa na kutu kikakatika. Mpini unazunguka kutoka "funga" hadi "fungua", tufe ndani limebaki nusu. Mpira ukishachomolewa, mulika tochi ndani.

Na swali: impela ya zamani ilipotolewa ilikuwa na mapezi yake yote? Kama kuna lililokatika, halikuyeyuka. Limekaa kwenye kona ya bomba la kutokea pampu au kwenye mdomo wa kipoza-joto, na litakuja kukusumbua siku nyingine hata kama leo si lenyewe.

Kingine, usiitegemee geji peke yake. Maji ya chumvi yakikatika, wa kwanza kupata habari ni mpira wa ekzosi, kwa sababu ndio unaopozwa nayo moja kwa moja. Kulanti ina kazi ya kupata moto kwanza. Mpira ule baada ya kiwiko cha kuchanganyia maji unapaswa kushikika kwa mkono. Ukishindwa kuushika, zima, hata kama geji inasema 80. Ipo sensa ya kufunga pale yenye king'ora chake, na mimi naiona ina faida kuliko mapambo mengi yaliyoko kwenye dashibodi.

---

TangaKuukuu:

Nimerudi na majibu. T iko baada ya chujio, na chujio liko juu ya usawa wa maji.

Jaribio la ndoo: chombo kimefungwa gatini, gia ndani, 2200, rafiki yangu anamimina mpaka mabega yakamuuma. Maji yalitoka nyuma kwa nguvu muda wote, geji haikusogea. Kwa hiyo kipoza-joto kimepona kisu. Impela ya zamani ilikuwa kamili, mapezi yote, mawili yamepinda tu.

Jaribio la koki: mkupuo wa kwanza ulinilowanisha hadi kifuani. Ndoo ilipofika nusu hivi, maji yakaanza kusinyaa, mwisho yakawa unene wa kidole. Nikafunga, nikangoja kidogo, nikafungua: mkupuo tena, kisha yakasinyaa tena. Pale pale nilikumbuka maneno ya fundi.

Nikachukua pampu ya mguu ya kujazia boti ya mpira, nikaichomeka kwenye mpira wa koki, nikafunga kwa klampu. Mikanyago ya mwanzo pampu ilikuwa ngumu haishuki. Ghafla ikalegea, na rafiki yangu aliyekuwa juu akaita: mapovu ubavuni, na pamoja nayo kipande cha plastiki nyeupe, chembamba kabisa, kimechanika kimekuwa kama mkia. Tulikivuta kwa upondo kabla hakijarudi chini.

Sasa injini iko sawa, ila mambo mawili yamebaki. Moja, ndoo ya lita 10 bado inachukua karibu dakika nzima kujaa, si nusu. Pili, friji bado haipati maji! Pampu inazunguka tu. Nilidhani likizibuka moja yamezibuka yote.

---

Fundi wa Ngama:

Vizuri sana, na mlivyokivuta mkafanya la maana. Wengi wanakipuliza kikatoka, wanawasha injini hapo hapo chombo kikiwa kimesimama, na plastiki ile ile inarudi mdomoni.

Ndoo kuchukua dakika: hao ndio washukiwa wa tatu. Tundu limepungua kwa viganda. Chomoa mpira juu ya koki, fungua koki wazi kabisa, na pitisha kijiti cha mbao ngumu au fimbo ya plastiki iliyonyooka mpaka uguse mwisho, ukwangue ukizungusha. Maji yataingia, hilo ulijue kabla hujaanza, na pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo) iwe imewashwa. Usitumie chuma chenye ncha. Uso wa tufe ukichubuka, koki haitafunga vizuri tena. Utasikia mikwaruzo kama ya mchanga, na chembe nyeupe zitapanda na maji. Je, nje una wavu unaofunika tundu? Kama upo, kijiti kitagota hapo na viganda vilivyoota kati ya matundu ya wavu hutavifikia kutoka ndani.

Usije ukatumia hewa ya mtungi wa kuzamia kwa papara kusukuma viganda. Having'oki kwa hewa, na mpira unaweza kuruka kwenye koki, ukabaki na shimo wazi chini ya maji. Pampu ya mguu ilitosha kwa plastiki kwa sababu plastiki ilikuwa imelala tu pale.

Friji namwachia BintiMkuku, naona anaandika.

---

BintiMkuku:

Haha, fundi ananijua.

Pampu ya friji ni ya kusukuma, haijui kuvuta hewa. Ile ya injini yenye mapezi ya mpira inaweza kunyonya mpira mtupu mpaka maji yakafika. Hii ya umeme ikishapata hewa kichwani inazunguka hewa hiyo hiyo mpaka kesho. Kwa hiyo kuzibuka kwa tundu hakutoshi, lazima uitoe hewa. Legeza mpira upande wa kutokea pampu, mimina maji mpaka yajae, rudisha, washa. Hakikisha pia pampu iko chini ya usawa wa maji na mpira wake unapanda moja kwa moja bila kupiga kilima njiani. Kila kilima ni chumba cha hewa.

Lakini ujiulize hewa ilitoka wapi. Mlitumia T moja. Tundu la chini lilipozibwa, pampu ya injini iliendelea kuvuta kwa nguvu zake zote, na njia rahisi iliyobaki ilikuwa kupitia kwa friji: kutoka tundu la kutolea ubavuni, lililo juu ya maji, kurudi nyuma kupitia pampu ya umeme iliyozimwa, mpaka kwenye T. Pampu ya namna hiyo ikisimama haizuii kitu. Basi injini ikawa inakunywa hewa ya friji. Ndiyo maana kila ulipotumia injini friji ilikauka, na nina hakika sehemu ya mate mate uliyoyaona ekzosi ni hewa hiyo, si upungufu wa maji pekee.

Wengine wanaweka valvu ya njia moja kwenye tawi la friji. Inafanya kazi mpaka siku nyasi moja ikae kwenye mlango wake. Mimi ningeweka koki ndogo kwenye tawi hilo, nifunge ninapotumia injini muda mrefu, na chombo kikipanda nchi kavu nitoboe tundu la pili liwe la friji peke yake. Mashine mbili kuchangia mdomo mmoja ni ubahili wa mjenzi, hakuna jina lingine.

---

TangaKuukuu:

Nimetoa hewa kama ulivyosema, friji imeshika! Kijiti nimepitisha, nimetoa vipande vya viganda ukubwa wa kucha, ndoo sasa inajaa kwa sekunde arubaini hivi. Wavu wa nje upo, ndio uliobaki na uchafu.

La mwisho. Nikienda joshi (kuukabili upepo) upepo ukiwa kulia, friji inavuta hewa tena. Upepo ukiwa kushoto, hakuna shida. Tundu liko upande wa kulia. Na huo wavu, ninaweza kuumwagia asidi kutoka ndani au nizame?

---

Fundi wa Ngama:

Upepo ukiwa kulia chombo kinalalia kushoto na ubavu wa kulia unapanda. Tundu lako linafika karibu na uso wa maji, kila wimbi likishuka linavuta hewa. Hapo hakuna cha kusafisha, ni mahali lilipotobolewa. Zima friji ukiwa kwenye mkono huo, au punguza tanga kilale kidogo. Tundu la pili analolisema BintiMkuku litobolewe karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo) kadiri inavyowezekana.

Ukizama, angalia wavu umeelekea wapi. Uliofumbuliwa kuelekea omo (mbele) unasukumiwa maji chombo kikikimbia kwa tanga, injini ikiwa imezimwa. Yakipita impela yanajaza silensa (pipa la kupunguza mlio wa ekzosi), na silensa ikijaa yanarudi kwenye silinda. Ukielekea shetri (nyuma) unanyonya maji ya tundu na pampu ya friji inateseka. Mimi napendelea tundu tupu lisilo na wavu, chujio zuri ndani, na kijiti kinachopita moja kwa moja. Fundi mwingine atakwambia vinginevyo na si mjinga.

Asidi kutoka ndani, hapana, kwa wavu. Ukifungua koki inaondoka na maji kabla haijafanya kazi, ukifunga haifiki nje. Siki au asidi inafaa kwa viganda vilivyo juu ya koki, ndani ya mpira na chujio: funga koki, jaza siki, iache usiku kucha, suuza. Isipite kwenye kipoza-joto chenye zinki ndani, na isiguse kitu cha alumini.

Wavu utazamiwa. Subiri maji yaliyotulia, mawimbi yakiwepo chombo kinapanda na kushuka na kitakupiga kichwani. Ufunguo wa injini utoke kwenye swichi uwe mfukoni mwa mtu aliye juu, na swichi ya pampu ya friji izimwe pia, maana inawaka yenyewe na haitakuuliza kama vidole vyako viko hapo. Kwangua kwa kipande cha mbao au plastiki, kisha mwenzako apige pampu ya mguu kutoka ndani. Mapovu yakitoka matundu yote ya wavu sawasawa, umemaliza. Yakitoka upande mmoja tu, endelea kukwangua upande wa pili.